Picha Kumi na Mbili Nilizoficha

Kila asubuhi ya likizo, kabla ya chai, kazi yangu ilikuwa kufagia baraza, kutundika pazia jeupe ukutani na kupangusa kigoda ambacho wateja wa Mama walikalia kupigwa picha za pasipoti. Tulikaa Mbaraki, karibu na bandari, nyumba ya tatu kutoka kwa fundi wa magodoro. Kazi hiyo ya kufagia iliniudhi. Malori ya bandarini hayakujua likizo, na kufikia saa nne vumbi lilikuwa limerudi pale pale, kana kwamba sikuamka.

Mama alikuwa mpiga picha, na mwaka ule wa 1996, baada ya kuugua, mikono yake ilianza kutetemeka. Si sana. Kikombe cha chai kiligongagonga kisahani chake, basi. Kwa picha za pasipoti hakuna aliyejua, maana kamera ilisimama juu ya miguu yake mitatu. Shida ilikuwa harusi. Katika Mji wa Kale, bi harusi akipambwa na kuketishwa mbele ya wanawake, mwanamume haingii ukumbini, hata awe hodari wa kamera namna gani. Ndiyo maana Mama aliitwa kila mara. Lakini mwezi wa Machi alirudishiwa albamu nzima. Alikuwa amesimama mbali na lenzi yake ndefu ya zamani ili asiwazibe wageni, na miguu mitatu hakuweza kuiweka, watoto wangeikwaa. Bi harusi alitoka ana nyusi nne. Mama aliiweka albamu ile juu ya kabati na kwa siku mbili hakugusa kamera. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa hasira, kwa sababu sikujua nimkasirikie nani.

Jumapili moja ya Agosti, Bi. Barke wa Kibokoni, kule Mji wa Kale, alikuja hadi barazani kwetu. Mama alikuwa amewapiga picha binti zake wawili wakubwa, na sasa wa mwisho alikuwa aolewe Jumamosi.

"Shikamoo, Bi. Barke," nilisema, nikamletea kiti.

"Marahaba, mwanangu." Alimgeukia Mama. "Mama Mwende, ya Machi nimeyasikia. Sikuja kuyarudia. Mimi nataka mambo mawili. Nataka bi harusi aketipo, bila mgongo wako kuwa mbele ya watu. Na nataka nyanya yake akicheza chakacha. Yuwaja kutoka Lamu, na mwaka ujao sijui kama ataweza kusimama. Huyu ndiye wa mwisho. Sina mwengine."

Mama alisema, "Inshallah, Bi. Barke," ingawa sisi ni Wakristo, na mikono yake aliificha ndani ya leso.

Kesho yake alikuja Mjomba Oliver, ndugu yake Mama, ambaye ni baharia. Meli yake ilikuwa bandarini Kilindini hadi Ijumaa jioni. Alifungua mfuko akatoa lenzi ndefu, nyeusi, nzito kuliko pasi.

"Dada, hii ni dawa yako," alisema. "Ndani yake mna vioo vinavyocheza. Mkono wako ukienda kulia, kioo kinaenda kushoto. Inavuta vitu vya mbali, na wala haijali kutetemeka."

Mama aliitia kwenye kamera, akaelekeza ng'ambo ya barabara, akabonyeza kitufe nusu. Nilisikia mngurumo mdogo. Kisha Mama akanivuta karibu na kamera.

"Mwende, hebu chungulia."

Nilichungulia. Mwanzo bango la fundi wa magodoro lilirukaruka, halafu, baada ya kama sekunde moja, likatulia, ingawa mikono ya Mama ilikuwa bado imeishika kamera na bado inatetemeka. Niliipenda lenzi ile palepale, na hapo ndipo makosa yangu yalipoanzia.

Mjomba hakutaka pesa. Alitaka kubadilishana: atuachie lenzi yake, naye achukue lenzi fupi ya Mama pamoja na flashi, vya kupigia wenzake picha ndani ya vyumba vya meli.

"Siuziwi mbuzi kwenye gunia," Mama alisema. "Niachie mpaka Ijumaa niijaribu."

Basi tukaanza kuijaribu, na siku mbili zile zilinichosha kuliko mtihani. Mama alipiga bango la fundi na swichi ya kutuliza, iliyokuwa ubavuni mwa lenzi, ikiwa imewashwa, akalipiga tena imezimwa. Mimi niliandika daftarini namba ya picha, umbali, swichi, na muda ambao jicho la kamera lilibaki wazi. Nikikosea namba moja, turudie. Kivulini lenzi ilitafutatafuta, ikivuta mbele na nyuma bila kushika kitu, huku paka niliyetaka kumpiga ameshakwenda zake. Betri ilikufa Jumanne asubuhi. Kila kitu kilichukua mara mbili ya muda niliotarajia.

"Kwani si tumeona inatulia?" nililalamika. "Tunapoteza filamu ya nini?"

"Tumeona inachoweza," alisema Mama. "Sasa chukua hizi kumi na mbili zilizobaki. Waite rafiki zako waruke kamba hapo barazani, penye kivuli kama cha ukumbini. Usitumie flashi. Nataka kuona wanaocheza watatokaje."

Niliwaita Everlyne na Mercy. Niliwarukisha mpaka wakaloa jasho, nikawaahidi kila mmoja picha yake. Everlyne, ambaye hasahau kitu, alinikumbusha ahadi hiyo mara tatu kabla hajaenda kwao.

Jumatano nilipeleka filamu kwa Anti Auma. Anti Auma alifanya kazi katika duka la kusafisha picha mjini, na harusi zote za Mama alizisafisha mwenyewe kwa mlango uliofungwa, ili mwanamume yeyote asiwaone wanawake wa watu. Nilisubiri bahasha saa mbili nzima, nikaifungua ngazini.

Mabango yalikuwa safi kabisa. Penye swichi iliyozimwa yalitetemeka, penye iliyowashwa ungesoma hata namba ya simu ya fundi. Nilikaribia kucheka peke yangu. Kisha nikafika kwa wasichana. Nyuma yao ukuta ulikuwa wazi, ungehesabu nyufa. Lakini Everlyne hakuwa na miguu, na uso wa Mercy ulikuwa kama nguo iliyoanikwa penye upepo. Picha kumi na mbili, zote hivyo hivyo. Lenzi iliutuliza mkono wa mpigaji, lakini haikuweza kumtuliza anayeruka.

Nilikasirika vibaya. Nilijua Mama akiziona picha zile atasita, na akisita Mjomba ataondoka na lenzi, na Jumamosi bi harusi atatoka tena ana nyusi nne. Nikazitoa picha zile pamoja na negativu zake, nikazibana katikati ya daftari langu la jiografia. Ule ukurasa wa kumbukumbu nao nikauchana.

"Na za kamba?" Mama aliuliza.

"Hazikutoka," nilisema. "Anti Auma alifungua kifuniko mapema. Mwisho wa filamu uliingia mwanga."

Sijui kwa nini nilimtaja Anti Auma. Uongo ulitaka mtu wa kuubeba, naye ndiye aliyekuwa karibu. Mama alitazama mabango tena na tena, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Machi, kisha tabasamu likafifia.

"Auma kaunguza filamu? Auma huyu?" Alitikisa kichwa. "Basi ya Jumamosi sitampa. Siwezi kuweka harusi ya Bi. Barke mkononi mwa mtu anayefungua kifuniko ovyo. Itabidi nitafute duka jingine."

"Lakini maduka mengine wote ni wanaume," nilisema.

"Najua, Mwende. Unafikiri sijui?"

Alhamisi ilikuwa mbaya. Everlyne alinikuta bombani akaniuliza picha yake iko wapi. Nikamwambia imeungua. Akasema, "Ulituchosha bure basi," akaniacha na ndoo yangu. Nyumbani Mama alikuwa anaipangusa flashi yake kwa kitambaa laini, akiiaga, na huku anawaza kwa sauti ni nani atakayemsafishia picha bila kuziangalia. Usiku huo nililala vibaya. Nilimwota nyanya yule wa Lamu, ambaye sijawahi kumwona, akicheza bila miguu.

Mjomba Oliver alikuja Ijumaa wakati wa chakula. Mama aliweka lenzi fupi na flashi mezani, kando ya sahani ya muhogo, na Mjomba akafungua mfuko wake. Nilimtazama akiingiza flashi. Alipoinyoosha mikono kuchukua lenzi fupi, niliinuka.

"Mjomba, usichukue."

Wote wawili walinitazama. Nilikwenda chumbani nikaleta daftari la jiografia. Sikuwa na maneno mazuri. Nilizimwaga picha mezani na kusema, "Anti Auma hakufungua kitu. Ni mimi nilizificha."

Mama alizichukua moja moja. Karatasi zilitetemeka mkononi mwake, na safari hii sikujua kama ni ugonjwa au ni mimi.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Nilitaka uipate lenzi. Nilichoka kukuona hivi." Nilikuwa nalia, na kulia kwenyewe kuliniudhi. "Kama ungeziona, ungeikataa."

"Ningeikataa?" Aliinua picha ya Everlyne asiye na miguu. "Mwende, kesho ningekwenda Kibokoni na lenzi hii peke yake. Nyanya wa watu angecheza mbele yangu, mimi nikapiga filamu nzima huku nafurahi, kwa sababu ndani ya kamera ningeona kila kitu kimetulia. Ningejua ukweli Jumatatu. Na Jumatatu ningemwambia nini Bi. Barke? Kwamba acheze tena?"

Nilifuta machozi kwa kiganja.

"Halafu Auma. Miaka sita ananifungia mlango. Tangu juzi nimemsema vibaya moyoni mwangu, kwa neno lako."

Mjomba Oliver alikuwa ametoa flashi mfukoni, akairudisha mezani taratibu. "Hata mimi nina kosa, Dada," alisema. "Nilikwambia ni dawa. Sikukwambia haitibu nini. Ukweli ni kwamba nilitaka kuiondoa, inanilia betri, na ndani ya meli haina nafasi."

Mama alisogeza sahani ya muhogo. Alizipanga picha mezani mafungu mawili, mabango upande huu, wasichana upande ule, akakaa kuyatazama. Mimi nilisimama tu pale. Muhogo ulipoa.

"Bi harusi anakaa namna gani akipambwa?" aliniuliza ghafla.

"Ametulia. Macho chini. Hata kope hachezeshi."

"Na hili bango je?"

Nikaelewa. "Limetulia."

"Basi lenzi hii ni ya bi harusi. Nitakaa nyuma kabisa, wala mgongo wangu hautamzuia mtu. Nyanya ni wa lenzi fupi na flashi. Flashi ikimulika, hata mkono wangu ukitetemeka hauonekani, na yeye hata akiruka atasimama. Nahitaji zote mbili." Alimgeukia kaka yake. "Oliver, chukua ile lenzi yangu ndefu ya zamani. Mimi imenishinda kwa sababu ya mikono. Mikono yako ni mizima."

Mjomba alikuna kidevu. "Nilitaka ya ndani ya chumba."

"Najua ulichotaka."

"Haya. Wenzangu nitawapiga wakiwa juu ya sitaha." Akacheka kidogo, kisha akanitazama. "Mpwa wangu, umeninyima flashi. Lakini ungeninyima Jumatano, si leo nikiwa na mfuko wazi."

Jioni hiyo hiyo, kabla duka halijafungwa, Mama alinipeleka kwa Anti Auma, akanisimamisha mbele ya meza yake, akatoka nje. Hakunisaidia hata kwa neno moja. Anti Auma alinisikiliza mpaka mwisho.

"Duka hili lina watu wanne," alisema. "Neno hilo lingemfikia tajiri wangu, ningekuwa nje mwezi huu. Ulilifikiria hilo?"

"Hapana, Anti."

"Lifikirie." Kisha akanisukumia bahasha tupu ya filamu. "Mwambie mama yako Jumatatu asubuhi nitamfungia mlango."

Harusini nilibeba mfuko. Ulikuwa mzito, ukumbi ulikuwa na joto, na mara mbili nilimpa Mama lenzi ambayo hakuitaka akanikazia macho. Bi harusi aliketi pale mbele, hina imempanda hadi viwikoni, na Mama akampiga kutoka ukuta wa nyuma, juu ya vichwa vya wageni wote, bila kumsumbua mtu. Lenzi ilitafutatafuta kidogo kwa ule mwanga hafifu, tukangoja, ikashika. Kisha ngoma ikabadilika. Nyanya wa Lamu akainuka, akafunga leso kiunoni, na Mama akabadilisha lenzi, akasogea karibu na flashi yake. Chakacha ya nyanya haikuzidi dakika tano. Akaketi akihema, na hakuinuka tena siku ile.

Jumanne Bi. Barke alikuja kuzichukua. Picha ya bi harusi aliisifu. Ya nyanya hakuisifu. Aliishika tu, akaiweka kifuani, akaomba maji ya kunywa.

Alipokwisha kwenda, nilimpelekea Everlyne picha yake na kumwomba radhi. Aliitazama akasema sura hana, miguu hana, lakini hata hivyo aliichukua. Zile nyingine nilitaka kuzichoma. Mama alinizuia, akachagua moja akaibandika ukutani, juu ya kigoda cha pasipoti, mahali ambapo ningeiona kila asubuhi nikifagia.

"Nzuri zote hizo zimeondoka na wenyewe," alisema. "Hii mbovu ndiyo iliyomwokoa nyanya wa watu. Chombo hakina haya, Mwende. Kikikosa, kinakuonyesha. Anayeficha ni mtu, tena mara nyingi ni yule anayekupenda. Ukinipenda, niletee picha zote."

Kisha akanikumbusha kwamba vumbi limerudi barazani, na ufagio uko pale pale nilipouacha.