Waya wa Swichi ya Mlango

Asubuhi ya Jumatatu, Gachau aliukuta waya sakafuni. Haukuwa umekatwa. Ulikuwa umefunguliwa, mzunguko kwa mzunguko. Akaufunga tena kwa koleo huku akiwatukana panya. Panya gani hao wanaojua kufungua waya?

Karakana yao ya Ruiru ilikuwa ikikomaza ekseli za malori, ziwe ngumu, kwa mashine ya koili. Hakuna moto wala makaa: chuma kinaingizwa ndani ya koili ya shaba, umeme unapita, nacho kinaiva chekundu chenyewe. Pete ya kidoleni iliyo karibu huiva pia, ndiyo maana mlangoni palikuwa na ubao wa misumari wa kutundikia pete. Mashine nayo ilizungushiwa kizuizi chenye mlango. Ukiufungua tu, swichi inakata umeme.

Lakini kufungua na kusubiri kwa kila ekseli kulichelewesha kazi. Gachau akaibana swichi kwa waya, mashine ikadhani mlango umefungwa siku zote. Haraka haraka haina baraka. Mwezi wa pili, Absalom, fundi mwenzake asiyeambiwa habari ya waya, alifungua mlango akaingiza mkono kuinyoosha ekseli, akiamini umeme umekatika. Umeme ukampiga, akafia pale pale.

Tajiri wa karakana alimpa mjane wa Absalom, Selpha, kazi ya kufagia. Gachau hakusema ni nani aliyefunga ule waya. Tena, bila haya, baada ya mazishi akaurudisha.

Jumanne waya ulikuwa chini. Jumatano, mchana kweupe, mashine ikinguruma huku mlango wake uko wazi, kizuizi kikagongwa: ko, ko. Absalom alikuwa akigonga hivyo kuwaonya wenzake kabla ya kuwasha. Kisha ikaja harufu ya njugu karanga, zile alizokuwa akitafuna kutwa nzima, ikawapita watu mmoja mmoja mpaka ikasimama kando ya swichi, na mbele ya macho yao waya ukaanza kujifungua, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, polepole kama unaofunguliwa na mtu mwenye subira, hata ukaanguka na mashine ikanyamaza.

"Ngai!" Gachau alinong'ona. "Umeona?"

"Nimeona," Selpha akajibu. "Ni bwana yangu, Baba Byron."

"Mama Byron, wacha nikuambie. Hiyo waya ni mimi hufunga. Hata ile siku, ni mimi."

Ufagio ulimponyoka Selpha. "Unaniambia leo? Miezi nne nimelaumu bwana yangu ati alikuwa mzembe?"

Gachau alilia mbele ya wote. Akautupa waya kwenye pipa la vyuma chakavu, akamwita mchungaji, wakaomba wameshikana mikono. Tangu siku hiyo mlango ulifanya kazi yake. Hakukuwa tena na kugongwa wala harufu. Kila mtu alimshukuru Mungu, isipokuwa Selpha. Yeye alikuwa amefiwa mara mbili, na mara hii hakuna aliyempa pole.

Wiki mbili zilipita. Saa saba, wenzake walipotoka kwenda kula githeri, Selpha aliufukua ule waya pipani, akaibana swichi jinsi alivyomwona Gachau akifanya. Akabonyeza kitufe cha kijani, akaufungua mlango na kuusogeza mkono wa kushoto karibu na koili.

"Absalom," akasema kwa sauti ya chini, "sijatundika pete. Njoo."

Pete ikapata joto. Ikaanza kuuma. Ko, ko. Njugu. Waya ukaanguka, na Selpha akakaa sakafuni akalia kwa furaha mbaya.

Kesho yake akaufunga tena. Na kesho kutwa.

"Hicho kidole kimefanya nini?" Gachau alimuuliza Ijumaa, alipoona kitambaa.

"Ni sufuria tu, Gachau."

Hakumwambia kwamba kila siku Absalom alikuwa akichelewa zaidi kugonga. Saa saba ilipofika, alisubiri wote watoke, akautoa waya kwenye mfuko wa aproni.