Nyekundu kwa Treni ya Saa Kumi

Kengele ya stesheni ililia saa kumi kamili, mshonaji akajichoma sindano. Kengele gani tena, jamani? Ile iliibwa zamani na wezi wa vyuma, wakamalizia na reli. Tangu treni ya mwisho ipite, miaka thelathini sasa, kilichobaki ni jengo, benchi na dirisha la tiketi. Hapo dirishani yeye, binti wa marehemu mkuu wa stesheni, aliweka cherehani yake, akaishi na mama yake.

Siku ya pili ikaja harufu ya makaa ya mawe. Ya tatu, mama, ambaye hakuweza kusimama bila kushikwa, alikutwa kwenye benchi, begi mapajani.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Polepole, baba yako atasikia," mama alinong'ona. "Kanifuata. Kesho napanda treni yake."

Mganga aliitwa. Alinusa mlangoni, akakataa hata kuketi. "Jini hilo, linaiga sauti ya marehemu. Hameni."

"Nihame? Nimezaliwa humu! Lihame lenyewe, halina hata haya!"

Mganga akashika njia yake.

Kesho yake saa kumi kengele isiyokuwepo ikalia, kuta zikatetemeka, mkasi ukaanguka mezani, moshi usioonekana ukamkaba mshonaji koo, kitu kizito kikaja kikipumua juu ya nyasi tupu, kikasimama mbele ya benchi, na mama, aliyekuwa amerudi hapo, akainuka peke yake, bila kushikwa, akatia mguu hewani, mguu ukapata pa kukanyaga.

"Mwanangu," ilisema sauti ya baba, "nionyeshe bendera ya kijani. Tunachelewa."

Alimpenda baba yake, angetoa chochote aisikie tena sauti ile. Lakini baba hakuwahi kuomba bendera. Baba ndiye aliyekuwa akiishika, na bila yake hata treni ya waziri haikusogea.

Akachomoa kwenye cherehani gauni jekundu la mteja, akalipandisha juu.

"Nyekundu! Huoni? Simama hapo hapo!"

Akaruka nje, akamvuta mama kiunoni, wakaanguka pamoja. Mama akafumbua macho, akaomba chai.

Kile kitu hakikuondoka. Mbele ya benchi nyasi zimelala, na ukipitisha mkono hapo unasikia joto. Gauni limepigiliwa misumari nguzoni. Mteja alifoka wee, akashonewa jingine. Kila saa kumi mshonaji hutoka na kikombe chake cha chai.

"Leo pia nyekundu," hukiambia kile kitu, kisha hurudi kazini.

Jua limeanza kulipausha lile gauni. Ameshanunua kitambaa kingine chekundu, jora zima.