Ngozi ya Ndama wa Gaaju

Nyumbani kwa mzee Felisiani, huko Kihanga, jogoo alikuwepo lakini hakuna aliyemtegemea. Aliyeamsha watu alikuwa Gaaju, ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu zilizopinda kwa madaha. Gaaju akishalia zizini, basi, usingizi umekwisha.

"Twino! Mwenzako anakuita!" mama alipaza sauti kutoka jikoni.

Twinomujuni, mwanafunzi wa darasa la sita, alitoka akipikicha macho. Alimwamkia baba yake, akaitikiwa, kisha akawashika ndama wakati baba akikamua. Maziwa yaliingia kwenye ekyanzi, kile chombo cha mti kinachonukia moshi, na ya kwanza kabisa yalikuwa ya Katusiime, mdogo wake, ambaye hakuwa na meno ya kutosha lakini alijua kudai haki yake kwa kelele. Maziwa yenyewe yalikuwa kiduchu siku hizo. Nyumba nzima ilimsubiri Gaaju azae, maana mimba yake ilikuwa imekomaa.

Shule zilikuwa zimefungwa, na akili ya Twino ilikuwa kwenye mbio. Shule zikifunguliwa, wangechaguliwa wakimbiaji wa kwenda mashindano ya wilaya, naye alikuwa na hamu ya kuwa mmoja wao hadi anaota anakimbia. Mjomba wake Nestory, dereva wa bodaboda kule Murongo, alikuwa amemletea zawadi: kiredio cha kusikilizia muziki, kidogo kama kiberiti, cha plastiki, cha bei ya chini, chenye kibanio cha kukibana kwenye kaptura.

"Mpwa wangu," mjomba alimwambia, "nimekujazia nyimbo za ngoma kali. Weka hizi hedifoni masikioni ukimbie. Kilima utakiona tambarare."

Na kweli! Miguu ilifuata ngoma, pumzi ikatulia, na mlima uliokuwa ukimtoa ulimi akawa anaupanda huku anaimba. Kasoro ilikuwa moja tu. Waya wa hedifoni ulikuwa umelegea, kwa hiyo sikio la kushoto lilikuwa kimya kabisa. Asubuhi moja Twino alichukua uzi wa kushonea wa mama, akaufunga waya pale palipolegea, akaukaza. Masikio yote mawili yakaimba. Alifurahi mno, maskini.

Asubuhi hiyo hiyo baba alikuwa anakwenda mkutano wa kijiji. Alimwita Twino kando.

"Gaaju siku zake zimefika. Ng'ombe akitaka kuzaa hujitenga, hujificha kwenye majani marefu. Kwa macho hutampata. Mchunge kwa sikio. Ukisikia analia kwa namna asiyolia kila siku, mkimbilie. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Alielewa, ndiyo. Tatizo la Twino halikuwa kuelewa.

Malishoni ng'ombe walitawanyika wakila. Gaaju alikuwa pale pale, anacheua, ametulia. Twino akajiambia, nizunguke kilima mara moja tu, nitakuwa nimerudi. Akabana kiredio, akaweka hedifoni, akaondoka. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mtamu, ukamwita wa pili. Wimbo mzuri ukaanza akiwa nusu ya njia, akaona si vizuri kuukatiza. Jamani, wimbo na mbio vikikutana, nani hukumbuka ng'ombe?

Kisha chaji ikaisha. Ngoma ikakatika, na ghafla dunia ikawa na sauti tena: upepo, ndege, na mahali fulani chini ya kilima, ng'ombe analia. Sauti ilikuwa imekauka. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeita muda mrefu bila kuitikiwa.

Twino alikimbia kuliko alivyowahi kukimbia kwa muziki. Alimkuta Gaaju amelala kwenye majani marefu, pembe moja imenasa katikati ya matawi ya kichaka. Ardhi yote kuzunguka kwato zake ilikuwa imechimbika. Nyuma yake alilala ndama, mwekundu kama mama yake, na utando mwembamba wa uzazi ulikuwa bado umemfunika pua. Ng'ombe yeyote humlamba mtoto wake akautoa utando huo. Gaaju hakuweza kugeuka.

Twino alifuta pua ya ndama kwa kiganja. Akampulizia. Akamsugua kifuani, akamwita, akamtikisa. Ndama alikuwa bado ana joto, lakini pumzi haikuja. Kazi ambayo ingemwokoa ilikuwa hiyo tu, ya kiganja kimoja, na kiganja kilikuwa kinazunguka kilima.

Alilia. Kisha, akiwa bado analia, akafanya jambo la pili, na hilo ndilo lililomtesa baadaye. Aliinasua pembe ya Gaaju. Akamburuta ndama hadi kwenye majani mafupi, mbali na kichaka na ardhi iliyochimbika. Akaficha kiredio ndani ya soksi. Ndipo akaenda kumwita baba.

"Nilikuwa karibu naye, baba," alisema. "Alizaa vizuri tu. Ndama alitoka ameshakufa."

Baba alichuchumaa, akampapasa ndama. Hakumfokea. Aliweka mkono begani kwa Twino na kusema, "Pole, mwanangu. Si kosa lako." Twino angependa kupigwa kuliko kuambiwa hivyo.

Wafugaji wa kule wana njia yao. Ng'ombe aliyefiwa na ndama huyazuia maziwa, hata ukamkamue namna gani. Basi baba alimchuna yule ndama, akaikausha ngozi, akaijaza majani makavu. Kila alfajiri Twino alitakiwa kuishika ngozi hiyo mbele ya Gaaju. Gaaju aliinusa, akailamba taratibu kichwani na mgongoni, akidhani ni mtoto wake, na maziwa yakashuka. Katusiime akashiba.

Kila Gaaju alipolamba, Twino aliangalia pembeni. Hakukimbia tena. Siku moja alijaribu, akaweka hedifoni, wimbo ukaanza ule ule, akazing'oa, akarudi nyumbani akalala. Mama akadhani ni malaria.

Halafu, jioni moja, baba akasema wakati wa kula, "Nimezungumza na Cleophace. Atakuja Jumamosi amchukue Gaaju."

Kila mtu alimjua Cleophace. Alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, na ng'ombe aliowachukua waliishia kwa wachinjaji.

"Baba Twino!" mama alishtuka. "Gaaju?"

"Nifanyeje? Mwaka jana alitupa mimba. Mwaka huu amezaa ndama mfu. Tumbo lake limeharibika, Mama Twino. Roho inaniuma, lakini hatuwezi kumlisha ng'ombe asiyetuletea ndama."

Twino aliirudisha ndizi sahanini. Akisema, baba atajua alidanganywa juu ya mzoga. Kiredio kitachukuliwa, na mashindano ndiyo basi. Asiposema, Gaaju atachinjwa kwa kosa ambalo si lake. Siku zilizofuata alikaa kimya, na kila siku kimya kilikuwa kizito kuliko jana.

Jumamosi ikafika. Baba alikaa kwenye kigoda chake, akaweka ekyanzi magotini. "Mlete mtoto wake," alisema kwa upole. "Tumkamue mara ya mwisho."

Twino alishika ngozi. Gaaju akaja, akalamba kichwa cha majani makavu, akalamba shingo. Kisha ulimi wake wenye kukwaruza ukapita kwenye mkono wa Twino, ukarudi, ukaulamba tena, mkono ule ule uliochelewa. Twino aliangua kilio.

"Baba, usimuuze! Hana ugonjwa! Ndama alikuwa mzima!"

Baba aliacha kukamua. "Unasema nini?"

Twino akasema yote: kilima, wimbo, chaji, pembe iliyonasa, utando puani, na jinsi alivyomburuta ndama. "Aliniita, baba. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikuwa nimeziba masikio."

Baba aliweka ekyanzi chini. Aliinuka, akasema tu, "Twende." Walikwenda hadi kwenye kichaka. Ardhi bado ilikuwa na makovu ya kwato. Baba aliinama, akayagusa matawi yaliyovunjika, na Twino akamwona akifuta macho kwa mgongo wa mkono. Hakuwahi kumwona baba yake akilia.

Waliporudi, Cleophace alikuwa amefika, kamba mkononi.

"Nisamehe kwa kukusumbua, ndugu yangu," baba alimwambia. "Ng'ombe hauzwi. Ana afya."

Cleophace aliguna, akanywa maziwa aliyokaribishwa na mama, akaenda zake. Baba akaketi kwenye kigoda, akamwambia Twino akae mbele yake.

"Sikiliza. Njia ya mwongo ni fupi, hata kama mwongo mwenyewe ni mkimbiaji. Kufa kwa ndama kumeniuma, lakini uzembe ni ajali ya kila mtu. Ulilolifanya baadaye ndilo baya zaidi. Uliona Gaaju anapelekwa kuchinjwa, ukawa unakula na kulala."

"Nilikuwa silali, baba."

"Najua sasa. Gaaju tunamdanganya kwa ngozi kwa sababu hatuna lugha ya kumwambia ukweli, na ndani kuna mtoto mdogo anayehitaji maziwa. Mimi una lugha ya kuniambia. Baba yako usimpe ngozi yenye majani ndani, mwanangu. Nitailamba kwa sababu nakupenda, na itakuwa aibu yetu sote wawili."

Twino alitoa kiredio soksini, akakiweka miguuni pa baba. Baba alikigeuza geuza, kisha akamrudishia.

"Hiki hakina dhambi. Kukimbia ni afya, na mjomba wako alikupa kwa wema. Lakini mwenye kazi ya kusikia hazibi masikio. Kimbia jioni, ng'ombe wakiwa zizini."

Jioni ile, kabla ya kukimbia, Twino aliufungua uzi wa mama aliokuwa ameukaza kwenye waya. Sikio la kushoto likawa kimya tena, na akaliacha hivyo.

Alfajiri iliyofuata Gaaju alilia kama kawaida. Twino alitoka kabla mama hajaita. Aliichukua ngozi, akaishika mbele ya Gaaju, na safari hii hakuangalia pembeni.

"Pole, Gaaju," alimnong'oneza. "Uliniita, sikuja."

Gaaju aliendelea kulamba. Maziwa yakashuka.