Dawa ya Mume Wangu Niliimwaga Chooni

Nina miaka arobaini na nne, nauza nyanya hapa Timbwani. Wasomaji wenzangu, nimechoka kulia. Leo nina hasira tu!

Mume wangu, Kazungu, alianza kwa kuumwa kichwa, kisha akaanguka kazini bandarini. Hospitalini wakamkuta na uvimbe kwenye ubongo. Saratani! Akapasuliwa, akachomwa kwa mionzi. Halafu daktari akatwambia kuna dawa ya zamani, ya wagonjwa wa akili, wanaijaribu kama itauzuia uvimbe usikue upesi. Hakutudanganya. Alisema huenda isifae.

"Nipeni," Kazungu akasema. "Nataka nimwone Sidi akiolewa."

Sidi ni binti yetu. Washenga walikuwa waje Jumamosi ile kuleta posa.

Siku mbili kabla, akaja wifi yangu, Dama. Huyu hufagia duka la dawa, basi ajiona daktari! Kuiona pakiti tu, akashika kiuno. "Wifi, hizi si za wazimu? Washenga wakiziona hapa, nani ataoa nyumba hii?"

Tangu utotoni nimesikia kuwa ukoo wenye wazimu hauolewi. Nikazimwaga chooni, kwa mkono wangu huu. Kazungu nikamwambia daktari amezisimamisha. Akaniamini... maskini, akaniamini!

Posa ikakubaliwa. Dama alipiga vigelegele kuwashinda wote.

Tuliporudi kliniki, daktari akauliza kuhusu dawa. Ikabidi niseme, Kazungu akisikia. Alinitazama tu. Kwa kuwa dozi zilikatika, kwenye majaribio hawakumrudisha tena. Alikufa mwezi mmoja kabla ya harusi.

Ingemsaidia? Sijui, na daktari pia hajui. Lakini ilikuwa yake, si yangu kuitupa!

Matangani, mama wa mchumba wa Sidi aliniomba maji ameze dawa. Akatoa pakiti mkobani... ile ile! Nikaikodolea macho.

"Mbona washtuka, Mama Sidi?" akaniuliza. "Mwaka wa saba huu nazimeza. Niliwaagiza washenga wawaambie mapema. Hawakusema?"

Hawakusema! Nao waliona haya, kama sisi.

Dama sasa anapita akisema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuingia chooni kwangu, Dama! Niliingia mimi, na wewe ukanishikia mlango.

Jamani, dawa ya mgonjwa msiiguse kwa kuogopa maneno ya watu. Muulizeni daktari. Muulizeni mgonjwa mwenyewe. Siku ile Kazungu alikuwa chumba cha pili, macho, anasikiliza redio. Sikumuuliza.