Bibi, Baridi na Donge la Mkate

Mwokaji mikate alikanda unga alfajiri, akatia hamira, akalifunika beseni kwa kitambaa. Nje kulikuwa na baridi na manyunyu. Donge likiwa bado limefunikwa, mama mkwe wake akaingia kumsalimia mjukuu. Kazi ya bibi huyo ilikuwa udobi.

Kitambaa kilipofunuliwa, donge lilikuwa limelala vilevile.

"Umeona?" mwokaji alimnong'oneza mumewe jikoni. "Mama yako akija, mkate hauumuki. Hii mara ya nne. Mwambie asije tena."

Mume alikuna kichwa. "Nimwambie nini, mke wangu? Ni mama yangu."

Bibi hakuambiwa kitu, lakini masikio anayo. Aliweka kikombe chini, akaondoka. Tangu siku hiyo alikuwa akija anaishia dirishani. Anamsalimia mjukuu kutoka nje, mvua ikimnyeshea mabegani. Iliuma kumtazama, tusifichane.

Jirani mmoja alikuwa mfugaji wa kuku, wote wakimwita Mama Vifaranga. Alikuja kununua mkate, akaugeuza mkononi.

"Leo umeoka sahani, shoga?"

"Ni mkwe wangu. Ana mkosi."

"Na siku asipokuja, mkate huumuka kila mara?"

Mwokaji alifikiri. "Hizo sijazihesabu."

"Basi umehesabu zilizokuudhi tu. Nitakuazima kipimajoto cha bandani. Kila asubuhi andika joto la jikoni, na donge limepanda vidole vingapi. Bibi akija, tia alama pembeni."

Baada ya wiki tatu walikaa na daftari. Mwokaji alisoma kwa sauti. Nyuzi kumi na saba, vidole viwili. Nyuzi ishirini na mbili, vidole vinne. Nyuzi ishirini na saba, vidole sita.

"Joto likipanda, donge linapanda," alisema polepole. "Likishuka, nalo linashuka."

"Mambo mawili yakienda pamoja hivyo, tunasema yana uhusiano."

"Lakini alama za Mama zote ziko siku za baridi. Naye ana uhusiano na donge."

"Anao. Ila mambo kwenda pamoja hakutoshi kusema moja limesababisha jingine. Siku hii ya baridi mbona haina alama?"

"Mguu ulimuuma, hakuja."

"Na donge?"

Mwokaji alitazama daftari. "Vidole viwili. Halikuumuka, na Mama hakuwepo."

"Sasa niambie, kwa nini huja siku za baridi?"

"Nguo hazikauki, kwa hiyo hafui. Ndipo anapata nafasi ya kumwona mtoto." Mwokaji alifunika uso kwa aproni. "Baridi inamleta yeye, na baridi hiyohiyo inalaza donge. Nami nimemweka mvuani."

Kesho yake manyunyu yalirudi. Mwokaji aliliweka beseni karibu na jiko lenye moto. Joto la hapo lilifika nyuzi ishirini na sita. Bibi alipotokea dirishani, mkamwana wake alitoka kumpokea, akamshika mikono iliyolowa.

"Nisamehe, Mama. Nilikusingizia. Ingia ndani."

Bibi alisita kizingitini. "Na donge lako?"

"Limepanda vidole vitano. Liko karibu na jiko, na kiti chako nimekiweka hapohapo."