Mkono Juu ya Ngoma

Siku ya soko Kambu, mabasi ya Mombasa yakiwa yamejipanga kando ya barabara na akina mama wakiinua mabeseni ya maembe hadi madirishani, Irungu wa Baraza la Sanaa alipanda juu ya boneti ya Landrova kufunga kipaza sauti. Suruali yake ikapasuka nyuma, kutoka kwenye mshipi hadi karibu na goti. Soko zima liliona. Dereva wake, Ndolo, alicheka mpaka akaegemea usukani.

"Bwana, shuka pole pole uje huku," sauti ya mwanamke iliita kutoka kwenye veranda ya duka la nguo. "Na utembee kinyumenyume, kuna watoto."

Ndivyo alivyokutana na Kasyoka, fundi cherehani, aliyevaa gauni la manjano lenye kola nyeupe na futi ya kupimia shingoni. Alimpa leso ya maua ajifunge, akamkalisha kwenye kigoda nyuma ya pazia, akaanza kushona. Irungu alikuwa kijana wa Nyeri, mtu wa kuvaa tai hata Jumamosi, na mwaka huo wa 1986 alijiona amefika. Ndani ya leso ile hakujua aweke wapi magoti yake.

"Hiyo gari ya kelele ni ya nani?" Kasyoka aliuliza.

"Ya Baraza la Sanaa la Ukambani. Ofisi yetu iko Kitui. Tunasaidia vikundi vya ngoma, waimbaji, wachongaji. Tunawapatia usafiri, tunatengeneza ngoma zilizopasuka, tunawatafutia jukwaa."

"Na suruali zilizopasuka?"

"Hizo tunazitafutia fundi."

Alicheka akiwa na uzi kati ya meno. Kisha alichungulia nje ya pazia na kushusha sauti.

"Kama unataka ngoma ya kweli, enda Ikutha kwa susu, nyanya yangu Kalunde. Yeye hucheza kilumi. Ni ya wamama wazee. Inapigwa mpaka roho za wazee waliokufa zimpande mchezaji, na inaendelea kupigwa mpaka zishuke zenyewe. Lakini usitaje hilo jina hapa. Baba ni mzee wa kanisa."

"Na wewe unacheza?"

"Mimi napiga. Baba anajua huwa naenda kumchotea susu maji."

Irungu alipata suruali yake, akaondoka, na wiki iliyofuata akarudi na shati lisilo na kasoro yoyote, akisema lina kasoro. Baada ya hapo hakujisumbua tena na visingizio. Walikunywa chai ya maziwa katika hoteli ya madereva wa malori, wakagombania chapati ya mwisho, wakapendana waziwazi kiasi kwamba ni mzee Muthama, baba yake Kasyoka, peke yake aliyekuwa hajui. Siku ambazo Irungu hakuweza kuja, alipiga simu kwenye kituo cha petroli, na Mutunga, muuza petroli, alikuwa akimwita Kasyoka kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara.

"Bwana Baraza, umeshinda aje?"

"Nimeshinda nikikuwaza, fundi wangu."

"Serikali inakulipa kuwaza?"

"Nawaza kwa ajili ya utamaduni. Tamasha la Kitui linakaribia. Susu amekubali?"

"Anaogopa, Irungu. Anauliza kama huko ngoma itaachwa ifike mwisho. Ikikatwa katikati, aliyepandwa anabaki huko alikoenda. Sijui nikuambie vipi. Mimi naenda kanisani, lakini hiyo naiamini."

"Mwambie hakuna mtu atakayeigusa. Nakuahidi wewe, si yeye."

Ahadi hiyo ilimgharimu kijana huyu mambo mengi, na wakati anaitoa aliona ni kitu chepesi tu.

Siku ya tamasha mgeni wa heshima alichelewa kufika, kisha akataka kuondoka mapema. Mwenyekiti wa Baraza, mwenye suti ya kahawia na kengele ya mkononi, alitangaza kwamba kila kikundi kina dakika kumi. Kikundi cha Ikutha kikaingia: Kasyoka kwenye ngoma moja, mama mmoja mzee aitwaye Kalondu kwenye ya pili, na Kalunde katikati, miguu mitupu, shanga nyeupe zimemkaa kifuani. Kalunde alianza taratibu. Halafu mabega yakalegea, macho yakabaki wazi bila kumtazama mtu, na watu wa mbele wakarudi nyuma hatua moja bila kuambiwa.

Kengele ikalia. Hakuna aliyeacha. Ikalia tena.

"Irungu, simamisha hao mama," mwenyekiti alisema. "Mgeni anaangalia saa."

Irungu alivuka uwanja. Alijua anachokwenda kufanya, na miguu yake haikukataa. Akalaza kiganja chake juu ya ngozi ya ngoma ya Kasyoka, kando ya mikono yake. Kasyoka aliinua macho akamwangalia. Kisha akaacha kupiga, na Kalondu akaacha pia.

Watu walipiga makofi. Kalunde alibaki amesimama, mguu mmoja ukiwa umeinuliwa kidogo, akingoja pigo ambalo halikuja.

Walimrudisha Ikutha kwa lori la Baraza. Alikula alipolishwa na kulala alipolazwa, lakini hakusema neno tena. Kalondu, aliyehamia kwake kumtunza, alisema kwamba hata akiwa kitandani miguu yake ilikwenda chini ya blanketi, inakwenda, inakwenda, kisha inakatika pale pale.

Kasyoka naye alianza kuiogopa cherehani yake. Kila mguu ulipokanyaga pedeli mdundo ule ulijipenyeza, ukakimbia naye, na mahali ulipokatiwa uwanjani mguu wake ulikufa ganzi. Sare za shule zikatoka na mishono iliyoruka. Habari za uwanjani zilimfikia baba yake kabla ya Jumapili, na Jumapili yenyewe Kasyoka alisimamishwa mbele ya ushirika wa kanisa akaapa kutogusa ngoma tena maishani.

Kule Kitui, Irungu aliusikia mdundo katika taipureta ya karani. Alijikuta ameduwaa mezani, kiganja kimelala juu ya mbao, kama mtu anayezuia kitu kisitoke. Alipiga simu Kambu.

"Mutunga, niitie Kasyoka."

Sauti ya Mutunga iliita ng'ambo ya barabara, kisha ikarudi. "Anasema hayuko."

"Nani amesema?"

"Yeye. Amesimama hapa. Anasema hayuko na usipige tena. Na anauliza kama unakula. Hapana, hiyo ananiambia nisikuambie."

Irungu alikwenda Ikutha peke yake. Alimkuta Kalunde ameketi kizingitini, nyayo zikigonga vumbi. Alipiga magoti akamwomba msamaha, na uso ule haukubadilika. Kalondu alimtazama kwa muda kabla ya kumwonea huruma.

"Wewe kupiga magoti haimsaidii," alisema. "Ngoma ianzwe tena, zile zile, kwa mikono ile ile. Na wewe uliyeikata uwepo. Lakini ngoma zetu ziko wapi? Mlizibakisha Kitui mkasema mnaenda kuzitengeneza."

Hazikuwa zimetengenezwa. Mwenyekiti alikuwa amezipanga kwenye ukumbi wa maonyesho, na Irungu alipoziomba, aliambiwa sasa ni mali ya Baraza, tena amshukuru Mungu kwa kazi aliyo nayo. Irungu hakubishana. Mwenyekiti alipokwenda mkutanoni, alimwomba Ndolo wampakie mtu mzigo. Ndolo aliona ni mzigo gani, akawasha gari.

Kasyoka aliinua kichwa akamwona mlangoni pa duka, amekonda, hana tai.

"Nimekuambia usije."

"Umeniambia nisipige simu."

Hakucheka. "Uliniahidi mimi, Irungu. Si yeye. Ulisema hivyo kwa mdomo wako, halafu ukamwogopa mtu mwenye kengele."

"Nilimwogopa. Sina la kujitetea. Nichukie tu, lakini njoo Ikutha. Ngoma ziko ndani ya gari."

"Unafikiri nimekukasirikia wewe?" Sauti yake ilipasuka. "Mkono wako ulikuwa umelala tu pale. Mimi ndio niliacha kupiga. Nilimwona susu hajarudi, nikaacha, kwa sababu ni wewe. Angekuwa mtu mwingine ningempiga kofi nikaendelea. Hiyo ndiyo inaniamsha usiku."

Irungu alitaka kumshika, akajizuia.

"Niliapa mbele ya baba," Kasyoka alisema baadaye, akijifuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Nikigusa hiyo kitu, kwake sina kwangu." Kisha akafunika cherehani, akachukua leso, akatoka.

Walifika Ikutha alasiri. Ngoma ziliwekwa uani, na Irungu akaketi chini mahali ambapo Kalondu alimwonyesha. Mdundo ulipoanza, Kalunde aliinuka kizingitini mwenyewe. Walicheza mpaka walipofika pale ilipokatwa. Irungu alipaona kwa mikono ya Kasyoka: ilisita hewani, na miguu ya Kalunde ikasita. Kisha mikono ikashuka kwa nguvu, ikapita, na mwanamke mzee akatoa sauti ndefu kutoka kifuani. Alizunguka, akazunguka tena, akapunguza mwendo. Alipoketi alikuwa anatokwa na jasho, na macho yake yalikuwa yanaangalia watu.

"Nipeni maji," alisema. "Nimetembea sana."

Kalondu aliacha ngoma akakimbilia mtungi huku akilia. Lakini Kasyoka hakuacha. Alikuwa amefumba macho, machozi yakimchuruzika hadi kwenye kola, na mikono iliendelea yenyewe.

Ndolo alipiga honi nje ya ua. Kisha akaja hadi langoni. "Irungu, mwenyekiti amerudi ofisini. Amepiga simu kwa chifu, na chifu ametuma mtu kuniambia. Anasema tukirudi na ngoma sasa hivi, yataisha. Mwambie huyo dada apumzike, tupakie."

Irungu alimtazama Kasyoka. Palikuwa na hatua chache tu kati yao. Aliirudisha mikono yake miwili mapajani.

"Enda tu, Ndolo."

Gari lilinguruma, likaondoka, na sauti yake ikapotelea upande wa Kitui. Kasyoka alipiga mpaka jua likafika kwenye miti, akapiga polepole, kisha kwa vidole tu, kisha mikono ikatulia yenyewe. Alifumbua macho.

"Gari imeenda?"

"Imeenda."

"Na kazi yako?"

"Imeenda nayo."

Alivuta pumzi ndefu. "Baba atakuja hapa. Ataniuliza wewe ni nani kwangu."

"Utamjibu nini?"

Kasyoka aliunyoosha mkono wake uliovimba, akauweka ndani ya kiganja cha Irungu.

"Nitamwambia ni mume wangu. Ameningoja nikamaliza."