Mwandishi wa "Jibebe Mwenyewe"

Jumapili ile theluji ilikuwa imeacha kuanguka, na jikoni kwa Torleiv Brekkhus kulinukia iliki na siagi. Mkewe, Ingunn, alikuwa akioka vile vikate vyembamba vya umbo la moyo. Mimi nilikuwa nimepanga chumba cha chini cha nyumba yao tangu nimalize chuo, na kila Jumapili Ingunn aliniita juu nile nao. Torleiv alikuwa akinitania kwamba nakula jamu kama dubu aliyetoka usingizini. Tulikuwa tunacheka. Ndipo kengele ya mlango ikalia.

Ndugu msomaji, kijijini kwetu Nesvåg mtu hapigi kengele bila kupiga simu kwanza. Hata ndugu wa tumbo moja huuliza kabla ya kuja. Kumwacha mtu na utulivu wake ndiyo adabu yetu kubwa, na adabu hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia leo.

Mlangoni alisimama mzee mrefu, kofia ya sufu mkononi.

"Naitwa Aslak Rønning," alisema. "Nimetoka Sørbotn, mabasi mawili na kivuko. Samahani kwa kuja bila taarifa. Namtafuta mwandishi."

"Umempata!" Torleiv aliinuka na tabasamu lake la jukwaani. "Karibu, mzee. Ingunn, kikombe kingine."

Hakushangaa. Zamani Torleiv alikuwa mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa ulevi. Alijifungia kwenye kibanda cha milimani, akatoka bila kiu ya pombe na akiwa na kitabu, *Jibebe Mwenyewe*. Nchi nzima ilikisoma. Fungu lililopendwa kuliko yote lilisema: "Anayekuomba umbebe anataka mzame nyote wawili. Funga mlango, kwa upendo."

Dukani kwetu watu waligombana juu ya maneno hayo. Bodil, anayekaa kwenye malipo, alisema, "Bila kitabu kile ningekuwa bado napigwa na Roar, yule mume wangu. Mtu asinigusie Torleiv!"

Bibi Oddny akamjibu, "Na tangu kitabu kile, kwenye msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima theluji ikiyeyuka, tunakuja wanne na mbwa. Wote wamejifunza kusema hapana. Mbwa tu ndiye hajasoma."

Wote wawili walisema kweli. Hapo ndipo ugumu wa habari hii ulipo.

Mzee Aslak hakugusa kahawa. "Krismasi ya mwaka juzi nilimpa mwanangu kitabu chako. Anaitwa Sindre. Aliitwa."

Ingunn aligeuka kutoka kwenye chuma chake cha kuokea.

"Kabla ya kumpa nilikisoma mimi, nikakipenda. Mkewe alipomwacha, Sindre akawa ananipigia simu kila jioni, analia. Mwanamume mzima. Nikamwambia kama ulivyoandika: 'Mwanangu, jibebe mwenyewe kwanza, halafu unipigie.' Hakunipigia tena."

Kikate kilikuwa kinaungua kwenye chuma na hakuna aliyekiondoa.

"Majirani waliona theluji ikirundikana mlangoni mwake," mzee aliendelea. "Hapakuwa na unyayo wa kuingia wala wa kutoka. Nilipowauliza, kila mmoja aliniambia, 'Tulidhani anataka kuwa peke yake.' Walimkuta theluji ilipoyeyuka."

"Pole sana, mzee," Torleiv alisema taratibu. "Lakini mimi si daktari. Niliwaandikia watu wenye nguvu ya kusimama."

"Mahali gani kitabuni umesema hivyo?"

Torleiv alisogeza kikombe chake pembeni.

"Sikuja kukushitaki. Lawama yangu naijua, nalala nayo na kuamka nayo. Naomba kitu kidogo. Jumamosi utasema na watu ukumbini. Kabla hujasoma lile fungu la kufunga mlango, taja jina la mwanangu. Sema alifungiwa mlango, akafa. Basi. Akisikia mtu mmoja tu, atakwenda kugonga mahali."

Torleiv alitazama dirishani. "Nitafikiria."

"Litatajwa," Ingunn alisema. "Nakuahidi mimi, baba."

Mzee alipoondoka, Torleiv alisukuma kiti chake nyuma. "Umeahidi kwa mdomo wa nani?"

"Wangu."

"Watu wa shirika la vitabu wanakuja Jumamosi kuangalia kama kitabu kipya kitauzika. Unataka wasikie habari ya maiti?"

"Nataka wasikie habari ya mtu."

"Kila kitu unachokiona humu kimeletwa na kitabu hicho. Hata hiyo blauzi uliyovaa."

"Ndiyo maana inaniwasha."

"Ingunn, usinichezee. Ukilitaja jina hilo mbele ya watu, usirudi humu. Sitambeba mtu anayenizamisha."

"Ukurasa wa ngapi huo?" Ingunn akauliza, akaanza kukwangua kile kikate kilichoungua.

Msidhani Torleiv alikuwa mnyama. Nilimwona siku zile akisimama uani na koleo mkononi, hasogezi theluji, anatazama tu. Kitabu kile ndicho kilichomtoa kwenye chupa. Kukiri kwamba ukurasa mmoja umekosea, kwake ilikuwa kama kung'oa ubao wa mashua aliyoikalia. Alikuwa anaogopa. Lakini mwoga akipewa jukwaa, hofu yake hulipwa na wengine.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Watu wa shirika la vitabu walikaa mbele. Mzee Aslak alikaa mstari wa nyuma kabisa, kofia magotini. Ingunn alikaa katikati, mikono imeshikana.

Torleiv alisema vizuri, kama kawaida yake. Aliwachekesha, kisha akawanyamazisha. Halafu akasema, "Jumapili iliyopita, baba mmoja alisafiri kwa mabasi mawili na kivuko kuja kwangu. Hakuomba fedha, hakuomba sahihi. Alitaka tu kuniambia jinsi kitabu hiki kilivyoingia katika familia yake."

Watu wakapiga makofi. Ndugu zangu, hakuna neno hata moja alilosema pale lililokuwa la uongo, na sijapata kusikia uongo mkubwa kuliko ule. Nyuma kabisa, mzee Aslak aliinamisha kichwa kama mtu anayepigwa mvua.

Torleiv alifungua kitabu penye fungu lake. Ingunn akasimama.

"Torleiv, subiri kidogo."

"Maswali baadaye, mpenzi," alisema, na ukumbi ukacheka.

"Si swali. Ni jina. Sindre Rønning. Baba yake yule pale nyuma. Sindre aliomba msaada, akafungiwa mlango na watu waliompenda, kwa sababu kitabu hiki kiliwaambia ndio upendo. Akafa peke yake, na majirani wakapita."

"Keti, Ingunn!" Bodil alipaza sauti. "Unatuaibisha mbele ya wageni!"

"Nitakaa, Bodil. Wewe ulimfungia mtu aliyekuwa anakupiga, na ulifanya vema. Sindre alifungiwa akiwa analia. Huo haukuwa mlango mmoja na wako."

Bodil aliinamisha macho.

Hakuna aliyepiga makofi. Torleiv alikunywa maji, akasema, "Tuendelee," akasoma fungu lake lote mpaka mwisho, na wengi, nasema kwa uchungu, walimsikiliza. Wengine waliandika maneno yake.

Mzee Aslak aliinuka kuondoka. Kwanza alikuja hadi mstari wa Ingunn, akasema, "Asante, mama," akavaa kofia, akatoka.

Ingunn naye alitoka. Nilimfuata hadi kwenye makoti. Alivaa lake, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, kisha akainama na kutoa chini ya makoti ya watu sanduku lake la nguo. Alikuwa amelipanga tangu asubuhi.

FUNZO

Ndugu zangu, maneno ya kutia moyo si mabaya, na hadithi hii isiwafanye mkavichoma vitabu. Lakini neno linalomponya mmoja linaweza kumwangamiza mwingine, na aliyeliandika akijua hivyo kisha akanyamaza, amechagua kuuza.

Anayekuumiza, mfungie mlango. Anayeumia, mfungulie. Anayeshindwa kutofautisha hao wawili asiwafundishe wengine.

Nasi tusiitumie adabu kuficha uvivu wa moyo. Mtu ni watu. Jirani akinyamaza, nenda ukagonge, hata bila kupiga simu. Ni heri ufokewe na jirani aliye hai kuliko kusifiwa kwa adabu yako kwenye mazishi yake.